Kidole Juu ya Kapi

Mara ya kwanza nilipojaribu kurusha mshipi kwa rili ya mbao, chubwi lilianguka hatua nne mbele ya miguu yangu, na uzi uliobaki ukatatana juu ya kapi kama nywele za mtoto aliyelala bila kusukwa. Ilikuwa wiki ya mwisho ya Juni, ukingoni mwa mto Trent, Nottingham. Mzee aliyekuwa akinifundisha hakucheka. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha kukunja, chupa ya chai miguuni, akaniambia jambo moja tu: nisivute. Ukivuta, fundo linakaza. Kisha akaichukua rili, akaiweka magotini, akaanza kufungua kitanzi kimoja baada ya kingine, kwa utulivu ambao nilikuwa nimeuona kwa mtu mmoja tu maishani. Mtu huyo ni babu yangu, na babu yangu hajawahi kufika Uingereza.

Nimezaliwa Pangani, mjini kwenyewe, karibu na kivuko cha kwenda Bweni. Babu amevua kwa mshipi maisha yake yote. Kwa msomaji aliyekulia bara: mshipi ni uzi, ndoano na chubwi, basi. Hakuna fimbo. Uzi unakaa umekunjwa kwenye kibao. Mvuvi anaumwaga chini ya chombo, mizunguko juu ya mizunguko, anatia chambo, anarusha, kisha anasubiri uzi ukiwa umepita juu ya kidole cha shahada. Kidole hicho ndicho kinachosoma kila kitu: kina, mkondo, mwamba, samaki anayedokoa na samaki aliyemeza. Kidole cha babu kina mfereji, mstari mweupe uliochimbwa na nailoni kwa zaidi ya miaka 50.

Mimi sikufundishwa. Wajukuu wa kiume walipanda ngalawa wakiwa na miaka saba au minane. Sisi wasichana tulikwenda na bibi kutanda uduvi kwa khanga kuukuu, maji yakiwa ya magoti, na ndoano tuliziona zikiwa zimekwisha kutoka mdomoni mwa samaki. Wakati ule sikuona dhuluma yoyote. Niliona ni kazi ya watu wengine, kama kukwea minazi.

Nottingham nilikwenda kusomea shahada ya uzamili ya historia, na tasnifu yangu ilihusu lesi. Sisi watu wa pwani tunaijua lesi kwenye harusi na kwenye madirisha ya wenye uwezo. Mji ule uliishi kwayo. Mwaka 1813 John Leavers alitengeneza hapo mtambo ambao baadaye uliweza kufuma maua yaliyokuwa yakifumwa kwa vidole, na mtaa wa maghala ya lesi bado unaitwa Soko la Lesi ingawa siku hizi unauza kahawa zaidi. Nilitarajia mwaka mzima wa mitambo, mishahara na wanawake waliokuwa wakimalizia kazi majumbani mwao. Rili haikuwamo katika mpango wangu.

Aliyeiingiza ni babu, kwa simu, mwezi Februari.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mke wangu. Baridi haijakumaliza?"

"Bado. Mikono inaendeleaje?"

"Mikono ipo. Vidole ndivyo vimehama."

Baridi yabisi ilikuwa imemshika kwa mwaka wa pili. Vidole vya mkono wa kulia vilikuwa vinajikunja nusu njia na kusimama, na uzi mwembamba unataka vidole vinavyofunga kabisa. Ngalawa alikuwa amemwachia mjomba. Yeye alibaki kukaa barazani, akiwauliza wapitao maji yamejaa au yametoka, ilhali anajua. Kabla ya kukata simu akaniuliza swali ambalo nililichukulia kama mzaha: "Hao wazee wa Kizungu huko, vidole vikiwakataa, wanavuaje?"

Wiki mbili baadaye, katika jumba dogo la makumbusho nilikokwenda kutazama bobini, nilikuta kabatini kitu kilichowekwa kando kana kwamba kilipotea njia. Kilikuwa kigurudumu cha mti wa jozi, upana wa kiganja, na vishikio viwili vifupi vya pembe. Nyuma yake palikuwa na shaba iliyokatwa kwa umbo la nyota, ya kuuzuia ubao usipinde ukilowa. Maandishi yalisema ni rili ya Nottingham, ya kuvulia samaki. Wavuvi wa mji ule husimulia kwamba rili za kwanza za aina hiyo ziliigwa kutoka kwenye bobini za viwanda vya lesi. Nilisimama pale nikiwa na majibu mawili mkononi, la tasnifu na la babu, na kusema kweli la babu lilinivutia zaidi.

Kiswahili cha vitabuni hakijaamua kiiteje kifaa hiki. Mabaharia wa boti za kitalii husema rili, na ndivyo nitakavyosema. Babu, nilipomweleza kwenye simu, alisikiliza mpaka mwisho akasema: "Si kapi hilo?" Kapi, lile la kupandishia tanga. Hakukosea sana.

Kapi hilo ni la zamani. Kuna mchoro wa Kichina wa Ma Yuan, wa mwaka 1195 hivi, uliohifadhiwa Tokyo: mtu mmoja kajikunyata katika kidau kidogo, maji matupu pande zote, na chini ya fimbo yake fupi kigurudumu kinaonekana wazi. Uingereza, Thomas Barker alikitaja kifaa cha namna hiyo katika kitabu chake cha uvuvi cha mwaka 1651. Kabla ya hapo Mwingereza alifunga uzi kwenye ncha ya fimbo, na akinasa samaki mkubwa kuliko uwezo wake, shauri lililokuwapo ni kuitupa fimbo yote mtoni na kuifuata baadaye. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya kapi ilikuwa kumpa samaki uzi na kuurudisha. Kurusha kulikuja baadaye, na matatizo yote yako huko.

Fikiria kapi linalozunguka. Unaporusha, chubwi linavuta uzi, uzi unalizungusha kapi, kapi linashika kasi. Chubwi likifika juu linaanza kupungua mwendo, lakini kapi halijui kuwa chubwi limechoka. Linaendelea kumwaga uzi usio na pa kwenda. Ndiyo nywele zangu za ukingoni mwa Trent. Dawa ya kale ni moja: kidole. Kidole gumba kinakaa kwenye ukingo wa kapi, kinaligusa kidogo, kinaliachia, kinaligusa tena, na chubwi linapokaribia maji kinalisimamisha kabisa. Hapana skrubu wala breki. Mtu ndiye breki.

Wamarekani walikwenda njia yao. Mwanzoni mwa karne ya 19 George Snyder, fundi wa saa na fedha katika mji wa Paris, jimbo la Kentucky, alitengeneza rili yenye meno ndani, mzunguko mmoja wa mkono ukawa mizunguko kadhaa ya kapi. Ni ukoo mkubwa, lakini nauacha, kwa sababu watu wa Nottingham walikuwa na jambo lao, nami nilikuwa kwao.

Jambo lao lilikuwa mto. Trent unakwenda, na walitaka chelezo kiende nao, hatua 20, 30, chambo kikitembea chini kana kwamba hakijafungwa na mtu. Kwa hiyo kapi lilipaswa kuwa jepesi mno, lizungushwe na mkondo wenyewe. Mwaka 1857 William Bailey wa Nottingham alichapisha kitabu cha mafunzo ya uvuvi wao. Mwishoni mwa karne hiyo Henry Coxon wa mji uleule alibuni kapi lililotobolewa, lenye mihimili kama baiskeli, likatengenezwa na kampuni ya Allcock ya Redditch kwa jina la Aerial. Wavuvi bado huliongelea kwa sauti ya chini, kama watu wa kwetu wanavyoongelea milango ya zamani.

Mzee wangu alikuwa fundi mstaafu wa kiwanda, na rili aliyonipa kujifunzia ilikuwa ya baba yake. Huko watu huitana majina hata wakipishana miaka 50. Mimi nilishindwa, nikawa namwita bwana, akacheka, akaacha. Tulisubiri mpaka tarehe 16 Juni, kwa maana katikati ya Machi mpaka siku hiyo mito ya Uingereza hufungwa samaki wazaliane. Nilikata leseni. Kisha nikajifunza, au tuseme nikashindwa, kila Jumamosi.

Mrusho alionifundisha unaitwa kwa jina la Wallis, mvuvi mmoja maarufu wa Nottingham. Mkono wa kulia umeshika fimbo, kidole gumba kimegusa kapi. Mkono wa kushoto unashika uzi kati ya kapi na pete ya kwanza ya fimbo. Unaifyatua fimbo kando, na wakati huohuo mkono wa kushoto unavuta uzi, kwa ajili ya kuliamsha kapi lianze kuzunguka kabla chubwi halijalivuta. Ukichelewa kuvuta, chubwi linakwama hewani na kurudi. Ukivuta kwa nguvu, kapi linalitangulia chubwi. Na katikati ya yote hayo kidole gumba kinatakiwa kiwe na akili zake chenyewe. Nililowanisha viatu, nikanasa mti wa Msondo mara tatu, na Jumamosi moja nilimnasa mbwa wa watu, kwenye manyoya tu, alhamdulillahi. Jumamosi ya tano chelezo kilitua katikati ya mto. Mzee alisema "haya" kwa lugha yake, akamimina chai.

Sasa ile nyingine. Tatizo la kapi linalozunguka lilitatuliwa kwa kulikataza kuzunguka. Mwaka 1884 Peter Malloch wa mji wa Perth, Uskoti, alitoa rili ambayo kapi lake linageuzwa kwa ubavu wakati wa kurusha, uzi ukadondoka kutoka ukingoni, kisha linarudishwa mahali pake kwa ajili ya kukunjia. Mwaka 1905 Alfred Illingworth, mwenye viwanda vya sufu Bradford, alisajili rili yenye kapi lililotulia kabisa, na mkono mdogo wa chuma unaozunguka nje na kulivisha uzi. Inasemekana wazo alilitoa kiwandani, kwa kutazama uzi unavyotoka kwenye ncha ya bobini bila bobini yenyewe kuzunguka. Nilifurahi mno kwa hilo: rili ya kale imetoka kwenye lesi, ya kisasa kwenye sufu, zote mbili watoto wa kiwanda cha nguo. Msimamizi wangu hakufurahi kiasi hicho. Aliniandikia pembeni kwamba sura hii ni ndefu.

Kilichoieneza duniani ni mambo mawili ya baadaye. Moja ni nailoni, iliyotangazwa Marekani mwaka 1938; kabla yake uzi mzuri ulikuwa wa hariri, unaooza usipoanikwa kila urudipo. La pili ni mafundi wa Cluses, Ufaransa, mji wa watengeneza saa, ambao baada ya Vita Kuu ya Pili waliuza rili iitwayo Mitchell kwa mamilioni. Hiyo ndiyo rili unayoijua, iliyoning'inia chini ya fimbo kwenye matangazo yote. Mzee alikuwa nayo moja ya plastiki kwenye gari. Nilijifunza kuirusha kwa dakika kumi. Unafungua waya, unashika uzi kwa kidole, unafyatua, unaachia. Chelezo kilivuka mto.

Hapo ndipo nilipokasirika kidogo, si kwa rili, kwa vitabu nilivyokuwa nikivisoma. Vinasimulia safari iliyonyooka, mbao kisha chuma, kidole kisha mashine, cha kale kisha cha kisasa. Lakini nilipoutazama ule uzi ukidondoka kwenye kapi tuli niliwakumbuka wavulana wa kwetu kivukoni. Hawana fimbo. Wana chupa tupu ya maji, uzi umezungushiwa kiunoni mwake. Mkono mmoja unaielekeza chupa mbele, mwingine unazungusha chubwi hewani na kuachia, na uzi unatoka kwenye chupa duara kwa duara bila chupa kusogea. Ndiyo rili ya Illingworth, bila Illingworth. Na babu akiumwaga mshipi chini ya ngalawa ni kitu kilekile: mizunguko iliyotulia, inayosubiri kuondoka. Kwa upande wa kurusha, basi, cha kisasa ndicho ndugu wa mshipi wetu. Kwa upande wa kumsikia samaki ni kinyume. Rili ya kisasa ina breki ya ndani inayosema na samaki kwa niaba yako, na ukizungusha mkono mara moja uzi wa sentimita 70 au zaidi unaingia usiuguse. Rili ya mbao, samaki akikimbia, kapi linakimbia chini ya kidole chako na unamsikia mpaka kwenye kiwiko. Hapo nilikuwa nashika kitu ambacho babu alikijua.

Nilimpigia simu kumweleza, na kwa mara ya kwanza alinisimulia habari za Malindi. Malindi ni mji wa zamani kwa uvuvi wa starehe. Ernest Hemingway alivua huko mwaka 1934, na wageni hawajaacha kuja. Babu alifanya kazi kwenye boti moja ya wageni miaka ya 70, akarudi Pangani kabla mpaka haujafungwa mwaka 1977. Mabaharia ndio waliojua mahali, ndio waliokata chambo na kukishona kwenye ndoano, ndio walioona ndege kwa mbali na kugeuza boti. Samaki akishika, mgeni anakalishwa kitini na kupewa fimbo. Jioni, picha.

"Wewe ulikuwa unafanya nini na rili, babu?"

"Nilikuwa naosha. Kwa maji baridi, chumvi isizile. Kila jioni, moja moja, na kitambaa."

"Hukuwahi kurusha hata siku moja?"

"Nirushe nini? Lilikuwa la mgeni."

Alilisema bila uchungu, kama mtu anavyotaja bei ya zamani ya sukari. Mimi nilikaa na simu mkononi muda mrefu.

Kuanzia siku hiyo lile swali lake la Februari likawa si mzaha tena, na likawa gumu. Rili ya mbao, fundi seremala yeyote wa Pangani angeweza kuichonga nyingine, na kwenye pwani ya Yorkshire makapi makubwa ya mbao yamevuliwa baharini miaka na miaka. Lakini mrusho wake unataka vidole vya mikono yote miwili, na vidole ndivyo vimehama. Ya kisasa inarushwa na yeyote, lakini ina springi, meno na waya. Nilijua itakaa miezi mingapi kwenye mchanga wa kwetu. Mzee ndiye aliyenionyesha njia ya tatu. Wazo la Malloch, ambalo Uskoti lilibaki makumbusho, halikufa. Tangu 1920 ukoo wa Alvey ulitengeneza rili za namna hiyo Brisbane, Australia, kwa watu wanaovua ufukweni. Kapi ni kubwa kama sahani ya chai. Unaligeuza ubavu, unarusha kama wavulana wa chupa. Unalirudisha, unazungusha kishikio kinene, na samaki akivuta unamzuia kwa kiganja kizima. Hakuna waya, hakuna springi. Kasoro yake ni kwamba inausokota uzi kila mrusho, kwa hiyo lazima ufunge juu ya chubwi kiungo kinachozunguka, na hata hivyo uzi hujipinda.

Nilinunua moja kuukuu kwa pauni 35. Fimbo niliibeba katika bomba la plastiki la maji taka, nikaulizwa maswali uwanja wa ndege.

Desemba tulikwenda kivukoni asubuhi, maji yanajaa, mimi na babu na wavulana kumi na chupa zao waliokuja kuangalia kioja. Babu aliishika rili kwa mikono miwili, akaligeuza kapi huku na huku, akalinusa. "Limeoshwa?" akauliza. Nikamwambia limeoshwa. Nikamwonyesha mara moja. Nilirusha vizuri, na sitajifanya kuwa sikujali wavulana wameona.

Alipojaribu yeye, mara ya kwanza aliachia mapema na chubwi likapanda mbinguni, wavulana wakatawanyika. Ya pili ilikwenda. Haikwenda mbali kama yangu, ila ilitua penye mstari ambapo maji ya mto na ya bahari hupishana rangi, nami nilikuwa sijauona mstari huo. Kisha akafanya jambo ambalo sikumfundisha. Aliiegemeza fimbo begani, akautandika uzi juu ya kile kidole cha shahada kisichokunjika, ndani ya mfereji wake, akatulia.

Haikupita robo saa. "Anadokoa," alisema, nami sikuona kitu. "Bado." Kisha fimbo ikainama, na babu akasahau yote: akaishika nailoni kwa mkono wa kulia avute kama zamani. Vidole havikufunga. Uzi ulimpita kiganjani, kapi likaanza kurudi nyuma kwa kasi, kishikio kikimpiga vifundo vya mkono wa kushoto. Aliguna. Niliinuka.

"Kaa!" alisema. Akaweka kiganja juu ya kapi, chote, kama mtu anayemnyamazisha mtoto, na kapi likasimama. Akakishika kishikio kwa ngumi. Alizungusha polepole, akipumzika, akizungusha, na alipochoka kabisa akanisogezea fimbo bila kunitazama, kidole kikiwa bado juu ya uzi, mimi nazungusha, yeye ananiambia lini nizungushe na lini niache.

Alikuwa hongwe. Wavulana wakacheka mpaka wakakaa chini. Mtu na mke wake na mashine ya Ulaya, hongwe. Babu naye alicheka. Alinielekeza nimkanyage vipi miba isinichome, nikamtoa ndoano mwenyewe. Kisha akaifungua rili kwenye fimbo, akaifuta mchanga kwa upindo wa kikoi, akanikabidhi.

"Nenda kaniooshee kapi langu," alisema. "Kwa maji baridi."